Nepi za mwanangu zinageuka nyeusi, na mavyaa anasema ni damu yangu

BARUA

Assalam alaikum Bi. Somo,

Mimi ni msomaji wako wa hapa Tanga, Ngamiani. Nina mtoto wa kiume wa miezi minane, ndiye wa kwanza. Nakuandikia usiku wenzangu wamelala, maana mchana siwezi kushika simu bila kuulizwa namwandikia nani.

Tangu mwanangu yuko mdogo nepi zake zina madoa. Namvisha nepi za kitambaa, zile nyeupe za kukunja. Akikojoa, mkojo ni wa kawaida, manjano hafifu. Lakini nepi nikiiweka kwenye ndoo asubuhi, nikaja kuifua adhuhuri, pale palipolowa pamekuwa rangi ya kahawa. Nikipitisha sabuni ya mche ndiyo balaa, panakolea papo hapo kama nimemwagia wino. Nimebadilisha sabuni, nimebadilisha ndoo, nimechemsha. Doa halitoki. Nta ya masikio yake nayo nyeusi, nikimfuta nashtuka.

Nilimpeleka zahanati. Wakachukua mkojo, wakachovya kijiti, wakasema mkojo safi, mama unaogopa bure. Na kweli mtoto mwenyewe mzima: anakula, ananyonya, homa hana, ameanza kutambaa.

Kazi iko nyumbani. Mume wangu ni mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba, tumbo moja. Kwa hiyo mavyaa wangu ni shangazi yangu yule yule aliyenisuka nywele nikiwa darasa la kwanza. Alipoziona nepi kambani akasema nilikula kitu nilichokatazwa nikiwa na mimba. Baadaye akabadilisha, akasema damu yangu imeingia uchafu wa upande wa mama yangu, kwao wao hakuna kitu kama hicho. Sasa amemwambia mume wangu niache kunyonyesha, eti maziwa yangu ndiyo yanayomtia mtoto weusi. Amemleta mtu wa mitishamba, anataka laki mbili na nusu, mtoto aoge na anywe dawa siku saba. Mume wangu kanyamaza kimya.

Ndugu yangu mmoja anayesoma Dar ameniambia upo ugonjwa wa kurithi unaofanya mkojo kuwa mweusi, unatokana na jeni iliyobadilika na kimeng'enya kutofanya kazi. Nimesoma alichonitumia, sikuelewa. Anasema wanaoupata ni wachache mno duniani. Kama ni wachache hivyo, umefikaje kwetu? Marehemu babu yetu, baba yao baba na shangazi, alikuwa mvuvi Pangani. Namkumbuka kapinda mgongo na katika weupe wa macho yake mna doa la kijivu, lakini alikufa mzee, na sikuwahi kusikia habari za mkojo.

Niache kunyonyesha? Mwanangu atakufa? Na je, ni mimi?

Mama wa Ngamiani


MAJIBU YA BI. SOMO

Waalaikum ssalaam, mwanangu.

Usiache kunyonyesha. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloweza kumdhuru mtoto wiki hii hii. Hakuna maziwa ya mama yanayotia mkojo weusi. Na ile dawa ya siku saba asinywe. Kama shangazi anataka mtoto asomewe dua, asomewe, dua haina ugomvi na daktari. Lakini kitu cha kupita kooni mwa mtoto wa miezi minane, ambacho hujui kina nini, hapana. Nitakueleza mbele kwa nini figo za mtoto huyu hasa ni za kutunzwa.

La pili, nataka ulijue kabla sijaenda mbali. Nimefanya kazi kliniki ya watoto miaka mingi, na kwetu pwani mkojo mweusi mara nyingi ni jambo la dharura: malaria kali, au mtoto mwenye upungufu wa G6PD, hitilafu ya kurithi inayodhoofisha chembe nyekundu za damu, aliyepewa dawa isiyomfaa, chembe nyekundu za damu zikavunjika kwa wingi. Mkojo huo unatoka mwilini tayari mweusi au mwekundu, kama chai ya mkandaa, na mtoto anakuwa na homa, au amepauka, au macho yamekuwa manjano. Ukiona hivyo hungoji asubuhi. Wako unatoka manjano na kugeuka baadaye ukikaa, na mtoto anatambaa. Hilo ni jingine kabisa, ndiyo maana nimeisoma barua yako mara mbili nikakaa kitako.

Siwezi kumpima mtu kwa barua. Lakini mkojo unaotoka safi ukaja kuwa mweusi ukipata hewa, ukakolea zaidi ukikutana na sabuni, na nta ya masikio nyeusi juu yake, ndivyo ugonjwa unaoitwa alkaptonuria unavyojionyesha kwa mtoto mchanga. Hilo jina limetokana na hiyo hiyo tabia ya sabuni: sabuni ina magadi, na kitu kilicho kwenye mkojo wake kikiguswa na magadi kinavuta hewa kwa pupa na kugeuka rangi. Mkemia mmoja Mjerumani aliliona hilo na kulipa jina mwaka 1859. Ndoo yako ya nepi imefanya kipimo ambacho kijiti cha zahanati hakikuundwa kukifanya. Kijiti kinatafuta vitu kama sukari, damu, protini na usaha. Walichovya mkojo ukiwa bado wa moto, wakaona manjano, na kwa walichokuwa wakikitafuta walisema kweli.

Sasa hiyo jeni na kimeng'enya. Nitakueleza kwa kitu unachokijua, maana Tanga hakuna asiyewahi kupita karibu na kiwanda cha mkonge. Majani yanashushwa kwenye gari, yanapita kwenye korona, ile mashine kubwa ya kuchakata, singa zinaanikwa, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota. Kila hatua ina mashine yake. Mwilini chakula nacho kinapita hivyo hivyo, na kila hatua ina mashine yake ndogo ya protini, ndiyo wanayoita kimeng'enya. Ukila samaki, maharage, yai, au mtoto akinyonya, ndani ya protini ile mna asidi amino, vile vipande vidogo vinavyojenga protini, na mbili kati yake ni fenilalanini na tairosini. Ini linazivunja hatua kwa hatua. Fenilalanini inafanywa tairosini, tairosini inafanywa kitu kingine, kile kinafanywa asidi ya homojentisiki, halafu ile asidi inavunjwa na mwisho wake ni nguvu ya mwili.

Asidi ya homojentisiki ina umbo la pete. Kimeng'enya cha kuivunja kazi yake ni moja tu, kuikata pete ile ifunguke, na kwa kazi hiyo kimeshika madini ya chuma katikati yake, kama kisu kilichoshikwa na mpini. Hakifanyi kazi peke yake. Vipande sita vinavyofanana vinashikamana, vitatu juu ya vitatu, ndipo mashine inakamilika. Kila kipande ni mnyororo wa asidi amino 445 uliojikunja kwa namna yake, na maelekezo ya kuupanga mnyororo huo yameandikwa kwenye jeni iitwayo HGD, iliyoko kwenye kromosomu ya 3.

Watu wakisikia jeni imebadilika wanadhani kitu kimeoza au kimeingia uchafu, kama alivyosema shangazi. Mara nyingi ni herufi moja. Wewe umesoma, unajua neno "tui" ukiweka a mahali pa u linakuwa "tai", na mpishi aliyeandikiwa atie tai kwenye mchuzi atakwama pale pale. Wataalamu wameshaona mabadiliko zaidi ya 200 tofauti katika jeni hii, na hayaharibu kwa njia moja. Mengine yanagusa pale pale chuma kilipokaa, mashine inaumbika vizuri lakini kisu hakina mpini. Mengine yako mbali kabisa na kisu, unaweza kujiuliza yanadhuru nini, kumbe yanaufanya mnyororo ujikunje vibaya, na mwili ukiona protini iliyokunjika vibaya unaitupa. Mengine yako pale vipande sita vinapogusana, basi kila kimoja kinaonekana kizima lakini havishikamani. Na mengine yanakata maelekezo katikati, mnyororo unaishia njiani. Badiliko linaloonekana zaidi Ulaya liko kwenye nafasi ya 368 ya mnyororo: palipopaswa kukaa methionini pamekaa valini. Asidi amino moja kati ya 445, na mtu anakojoa mkojo unaogeuka mweusi maisha yake yote.

Korona ikisimama, gari la majani halijui. Linaendelea kushusha. Ndivyo ilivyo kwa mtoto, kila anachokula kinaendelea kuleta, na asidi ile inalundikana. Mtu asiye na ugonjwa huu anaitoa kwa miligramu, mwenye nao anaitoa kwa gramu kadhaa kila siku. Figo ndizo zinazomwokoa, zinaifukuza kwa bidii kwenye mkojo, ndiyo ukaiona kwenye nepi. Ndiyo maana nimekwambia mitishamba isiziguse figo hizo. Kuiona asidi ile kwenye nepi maana yake inatoka mwilini. Hilo likutulize kidogo.

Umeuliza kama atakufa. Kwa ugonjwa huu watoto hawafi. Utotoni hauumi hata kidogo, atacheza mpira Makorora kama wenzake na atakwenda shule. Shida inakuja ukubwani, kwa sababu kiasi kidogo cha asidi kinachobaki kinajishika taratibu kwenye gegedu, ile nyama ngumu inayokinga viungo visisuguane. Gegedu inakuwa nyeusi na kukakamaa, inakosa ule mnyumbuko wake, na inaanza kumeguka. Kwenye miaka ya thelathini au arobaini mgongo unaanza kukaza, halafu magoti na nyonga. Masikio yanaingia rangi ya samawati iliyofifia, na weupe wa macho unapata doa la kijivu au kahawia. Baadaye zaidi vijiwe kwenye figo, au vali ya moyo kukakamaa. Wengi wanafika uzeeni.

Mgongo uliokaza na doa la kijivu machoni. Mwanangu, hilo neno la babu ulilitaja kwa haraka, lakini mimi limenisimamisha. Muulize baba yako: mgongo wa babu ulianza kukaza akiwa na umri gani? Masikio yake yalikuwa na rangi? Fulana na kanzu zake nyeupe zilikuwa zinaingia madoa kwapani, hata zikifuliwa? Bibi ndiye aliyefua, na kama hayupo, baba yako na shangazi ndio waliotumwa kisimani. Habari za mkojo usingezisikia, mvuvi haja yake anaimalizia baharini.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako la mwisho, la kama ni wewe. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba, moja ya mama. Nakala moja ikiwa nzima inatosha. Nusu ya vimeng'enya inaweza kazi yote, mtu huyo haumwi, mkojo wake haubadiliki, na hatajua mpaka kaburini. Ili mtoto augue lazima apokee nakala mbovu kutoka pande zote mbili, moja kwako na moja kwa baba yake. Hakuna njia ya tatu. Kwa hiyo kama ni ugonjwa huu, upande wa mama yako peke yake haungeweza kuuleta hata ungetaka.

Na kama babu alikuwa nao kweli, basi alikuwa na nakala mbovu mbili na hakuwa na nyingine ya kutoa. Kila mtoto aliyemzaa alipokea moja. Baba yako anayo. Shangazi yako anayo. Baba yako alikuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu kukupa wewe, shangazi nusu kwa nusu kumpa mumeo, na mkakutana. Hivyo ndivyo ugonjwa wa watu wachache unavyofika Ngamiani. Duniani wanakadiria mtu mmoja katika kila 250,000 hadi 1,000,000, lakini Slovakia ni kama mmoja katika kila 19,000, kwa sababu kuna vijiji watu walioleana wenyewe kwa wenyewe vizazi vingi. Nakala iliyojificha inatembea kimya ndani ya ukoo, na ndugu wakioana inapata nafasi ya kukutana na mwenzake.

Sisemi hivyo kuitia dosari ndoa yako. Kuoa mtoto wa shangazi ni halali na ni desturi yetu, na wengi wanazaa watoto wazima. Lakini ni kweli, na kweli hii ilianzia kwenye nepi kama zako. Daktari Archibald Garrod wa London ndiye aliyeona kwamba wazazi wa watoto hawa mara kwa mara ni watoto wa ndugu, akaandika mwaka 1902. Mama wa mtoto mmoja aliyekuwa akimtazama alipopata mimba nyingine, Garrod aliagiza nepi za mtoto atakayezaliwa ziangaliwe tangu siku ya kwanza, na madoa yakaonekana siku chache tu baada ya kuzaliwa. Hapo akajua si vijidudu vya kuambukizwa, mtu anazaliwa nao. Alkaptonuria ndiyo iliyowafundisha madaktari kwamba hitilafu ndogo ya kurithi inaweza kusimamisha kimeng'enya kimoja. Magonjwa mengi ya namna hiyo yalikuja kueleweka kwa mlango huo. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1996.

Mkitaka mtoto mwingine, na kama wote wawili mmebeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua, mbili kati ya nne ya kubeba tu kama ninyi, na moja ya kutopokea kabisa. Kila mimba inaanza hesabu upya. Usiseme huyu ameshaugua basi watatu watapona.

Kuhusu chakula, shangazi asimnyime mtoto samaki wala yai wala maharage kwa kuwa nimetaja protini. Wamejaribu kupunguza protini, faida iliyoonekana ni ndogo, na mtoto anayekua bila protini atapata madhara makubwa kuliko doa la nepi. Vitamini C nayo ilijaribiwa sana, haikuthibitika kuzuia kitu. Dawa ipo, inaitwa nitisinoni. Hairekebishi kimeng'enya. Inafunga hatua iliyo nyuma yake, kama kusimamisha majani getini yasifike kwenye korona iliyoharibika. Katika utafiti wa watu wazima 138 uliotoka mwaka 2020, waliomeza miligramu 10 kwa siku asidi yao kwenye mkojo ilishuka kwa zaidi ya asilimia 99, na mwaka huo huo Ulaya wakairuhusu kwa watu wazima. Ila majani yaliyozuiwa getini ni tairosini, inapanda kwenye damu na inaweza kuumiza kioo cha jicho, kwa hiyo ni dawa ya kusimamiwa na daktari na ya ukubwani. Ni ghali, sitakudanganya. Lakini mwanao ana miaka mingi mbele kabla ya kuihitaji, na dawa nyingi nimeziona zikishuka bei katika muda mfupi kuliko huo.

Unachoweza kumfanyia bila senti ni kumlea akijua mwili wake. Kuogelea kunamfaa sana, na bahari iko hapo Raskazone. Akikua asiende kubeba viroba bandarini wala kupiga matofali, atafutiwe kazi isiyolemea mgongo. Na awaambie wahudumu wa afya mapema, maana kile kipimo cha zamani cha sukari cha kuchemsha mkojo kwa dawa ya buluu kinaweza kumpa kisukari asichokuwa nacho.

Shangazi yako usimwendee na haya niliyoandika kama mtu aliyeshika fimbo. Fikiria ataambiwa nini: kwamba kitu alichokiita uchafu wa kwa watu huenda kimepita tumboni mwake, na kimetoka kwa baba yake aliyempenda. Ni mzigo mzito kwa mtu mzima. Mumeo ndiye aanze, ni mama yake. Na aanze kwa kumuuliza habari za babu tu, za mgongo, za macho, za nguo, bila kumwambia anachotafuta. Nadhani atakapokuwa anajibu atasikia mwenyewe. Na mumeo naye umsomee barua hii usiku huu huu, asiendelee kunyamaza. Kimya chake shangazi anakihesabu kuwa ni kukubali.

Nenda hospitali ya Bombo, kliniki ya watoto, uombe kuonana na daktari wa watoto mwenyewe. Kipimo cha kuthibitisha kinapima asidi ya homojentisiki kwa mashine maalumu ambayo si kila maabara inayo, kwa hiyo huenda akakuandikia rufaa au sampuli ikapelekwa mbali. Usikate tamaa ukiambiwa usubiri, hakuna kinachoharibika kwa mtoto wiki hizo. Asubuhi hiyo kinga mkojo wake kwenye chupa mbili safi za kioo. Moja ijaze mpaka juu uifunge, nyingine iache nusu na wazi, uzipige picha saa hiyo na kila baada ya saa kadhaa mpaka usiku. Na nepi moja, ile yenye doa la jana, usiifue. Ikunje, itie kwenye mfuko, uende nayo.